Nyumbani, wodini au kituo cha kutengwa: pa kumuuguzia mgonjwa mahututi wakati wa mlipuko

Katika miaka ya kawaida, mahali mtu atakapofia huamuliwa polepole. Ugonjwa unachukua miezi, ndugu wanazoea kupokezana zamu za hospitali, siku moja daktari anasema dawa zilizobaki ni za kutuliza maumivu tu, na familia inakaa kikao. Mlipuko wa ugonjwa hauachi nafasi ya kikao. Mgonjwa aliyekuwa anaongea asubuhi, jioni anahema, gari la wagonjwa limefika na mhudumu anauliza kama wamchukue au abaki. Jibu linatakiwa hapo hapo, na mara nyingi anayelitoa ni yule tu aliyekuwa karibu.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya familia zinazotaka kuwa na jibu mapema. Nitapima nyumbani, wodi ya hospitali, kituo cha kutenga wagonjwa, makao ya wazee na hospisi (huduma ya kuwatuliza walio mwishoni mwa maisha), na nitavipima viwili viwili, kwa kuwa ndivyo uamuzi unavyokuja: tubaki hapa, au tumpeleke pale. Msimamo wangu niuseme mapema. Wapo wanaoamini nyumbani ndiko kwenye heshima, na wapo wanaoamini hospitali ndiko kwenye usalama. Kila imani kati ya hizo ni kweli kwa ugonjwa fulani na ni hatari kwa ugonjwa mwingine. Jua kwanza ugonjwa unavyoambukiza na kama tiba iliyopo inaokoa, ndipo uzungumze habari ya mahali.

Mlipuko unavyohamisha vifo

Kabla ya UVIKO-19, vifo katika baadhi ya nchi tajiri vilikuwa vimeanza kurudi nyumbani. Marekani mwaka 2003, karibu asilimia 40 ya waliokufa kwa maradhi walifia hospitalini na karibu asilimia 24 nyumbani. Kufikia 2017 nyumbani kulikuwa kumeipita hospitali kidogo, kila upande ukiwa karibu na asilimia 30. Mabadiliko hayo yalichukua miaka 14, yakienda sambamba na kukua kwa huduma za hospisi.

Mwaka 2020 mabadiliko ya namna hiyo yalitokea kwa wiki chache. Huko England, vifo vya majumbani mwaka huo vilizidi wastani wa miaka mitano iliyotangulia kwa karibu theluthi moja. Linalonigusa zaidi ni kwamba wengi wa hao wa ziada hawakufa kwa UVIKO. Walikuwa na saratani, ugonjwa wa moyo, kisukari au maradhi ya kusahau ya uzeeni, na katika mwaka mwingine wangefia wodini. Wodi zilikuwa zimeelemewa, wagonjwa waliogopa kuambukizwa huko, na familia ziliogopa kwamba akishaingia hawatamwona tena. Canada ilionyesha sura nyingine: katika wimbi la kwanza, takriban asilimia 80 ya vifo vya UVIKO vilikuwa vya wakazi wa makao ya wazee. Na Lusaka, watafiti waliopima miili katika chumba cha maiti cha hospitali ya chuo kikuu kati ya Juni na Septemba 2020 walikuta kwamba karibu robo tatu ya waliokuwa na virusi walifia nje ya hospitali. Kati ya hao wa nje, hakuna hata mmoja aliyepimwa akiwa hai.

Milipuko haisukumi vifo upande mmoja, basi. SARS, ugonjwa wa virusi wa mapafu wa mwaka 2003 ulioua watu 774, iliifanya hospitali yenyewe kuwa mahali pa kuambukiziwa: Toronto, Hong Kong na Singapore maambukizi mengi yalitokea ndani ya wodi. Ndiyo maana sikubali ushauri wa jumla unaotolewa kwa milipuko yote kwa pamoja.

Kipindupindu: hapa hakuna cha kulinganisha

Kipindupindu nakipita haraka kwa sababu jibu lake liko wazi. Asiyetibiwa anaweza kufa ndani ya saa chache kwa kuishiwa maji mwilini. Anayepata ORS (maji yenye chumvi na sukari) mapema, na dripu ikiwa amezidiwa, karibu kila mara hupona. Vituo vinavyoendeshwa vizuri hupoteza chini ya mgonjwa 1 katika 100. Mzee wa miaka 80 ana nafasi, mtoto mchanga ana nafasi. Anayefia nyumbani kwa kipindupindu mara nyingi ameuawa na umbali, na aibu ya kuharisha mbele za watu, au na kusubiri kupambazuke. Anzeni kumnywesha ORS pale pale alipo, endeleeni kumnywesha njiani, mfikisheni kituoni. Nitakayosema hapo chini kuhusu kufia nyumbani kwa utulivu yasipelekwe kamwe kwenye ugonjwa huu.

Kituo cha kutengwa au nyumbani: Ebola na Marburg

Hapa moyo na akili huvutana kuliko pengine popote. Mgonjwa wa Ebola anatapika, anaharisha, anahitaji kushikwa, kugeuzwa na kupanguswa, na majimaji yote ya mwili wake yanaambukiza. Kadiri anavyozidiwa virusi huongezeka, na maiti yake ina virusi vingi kupita kiasi. Kwa hiyo anayemuuguza kwa karibu zaidi ndiye aliye hatarini zaidi: mama, binti, dada, kisha yule anayeosha mwili. Milipuko mingi imekua kwa njia hiyo hiyo, kutoka kitandani kwenda msibani, kutoka msibani kwenda nyumba nyingine.

Zamani kituo kilikuwa na hoja dhaifu kwa mgonjwa mwenyewe. Kiliwalinda wengine, lakini yeye alipata maji, dawa za homa na huduma ya wahudumu waliofunikwa mwili mzima. Kwa wastani nusu ya wagonjwa walikufa, na katika milipuko mingine hadi 9 kati ya 10. Familia ilimwona mtu wake akiingia kwenye hema akitembea na kutoka kwenye mfuko. Sishangai kwamba watu walificha wagonjwa, na wanaowalaumu wangefanya vizuri kujiuliza wao wangefanya nini.

Afrika Magharibi, ambako mlipuko wa 2014 hadi 2016 uliua zaidi ya watu 11,000, hata waliotaka kituo walikikosa. Kituo cha ELWA 3 cha Madaktari Wasio na Mipaka, Monrovia, kilifika mahali pa kufungua geti nusu saa tu kila asubuhi, kiasi cha kujaza vitanda vilivyoachwa na waliokufa usiku. Wengine walirudishwa majumbani, na wapo waliofia pale nje. Ndipo shirika hilo likaanza kugawa vifaa kwa familia: ndoo, sabuni, klorini, glavu, barakoa, mifuko ya plastiki. Vilipunguza hatari, lakini haviwezi kuigeuza nyumba kuwa kituo.

Mwaka 2019 hesabu ilibadilika. Katika jaribio lililofanyika mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, dawa mbili za kingamwili (protini zinazokinasa kirusi) zilishusha vifo hadi karibu theluthi moja ya waliozipata. Kwa waliofika virusi vikiwa bado vichache damuni, vifo vilishuka hadi karibu 1 kati ya 10. Kilichowatenganisha wagonjwa hao kwa kiasi kikubwa ni kuwahi. Aliyefichwa nyumbani siku tano kisha akapelekwa hoi amepata ubaya wa sehemu zote mbili: ameambukiza nyumbani, na amefika kituoni dawa ikiwa na nguvu ndogo ya kumsaidia.

Lakini dawa hizo ni za Ebola ya aina ya Zaire. Hazikuidhinishwa kwa Ebola ya aina ya Sudan wala kwa Marburg, ugonjwa unaofanana na Ebola. Kwa hiyo mtu wa kwanza mnayekutana naye kutoka timu ya afya muulizeni: hiki ni kirusi gani, na dawa yake ipo hapa? Kama ipo, kituo kinaokoa. Kama haipo, kituo bado kinatoa maji, chumvi za mwili, tiba ya malaria inayoweza kuwa imejificha nyuma ya homa, na dawa ya maumivu, na kinaikinga nyumba nzima. Bado ningechagua kituo, ila ningeingia nikijua ninachokitarajia.

Vituo navyo havilingani, na hili watu hawalipi uzito wa kutosha. Katika mlipuko wa Kivu wa 2018 hadi 2020, shirika la ALIMA lilitumia vyumba vya mgonjwa mmoja mmoja vyenye kuta za plastiki angavu. Mhudumu anaingiza mikono kwenye mikono ya glavu iliyounganishwa ukutani, anapima, anabadilisha dripu, bila kulazimika kuvaa vazi zima kila mara. Ndugu anaweza kuketi upande wa pili wa ukuta, akamwona mgonjwa usoni, wakaongea, wakaomba dua pamoja. Linganisha na hema lililozungushiwa uzio wa turubai, ambako ndugu hukaa nje na kuletewa habari kwa mdomo, na wakati mwingine habari ya kwanza wanayoletewa ni ya kifo. Watu huamini wanachokiona. Kituo kinachoonekana ndani huletewa wagonjwa mapema, kwa hiyo uwazi ule nao ni sehemu ya tiba.

Ikiwa kweli hakuna nafasi na mgonjwa anabaki nyumbani, achaguliwe mtu mmoja tu wa kumhudumia. Kama katika ukoo kuna aliyewahi kuugua virusi vya aina hiyo hiyo akapona, huyo ndiye anayefaa kuliko wote, kwa sababu mwili wake una kinga. Akifariki, mwili usiguswe, usioshwe, usivalishwe. Waitwe wa timu ya maziko.

Wodi au nyumbani: UVIKO, mafua makali na magonjwa mengine ya kupumua

Kwa magonjwa haya nyumbani kuna hoja ya kweli, na ndiyo maana uamuzi wake ni mgumu zaidi. Walio nyumba moja na mgonjwa mara nyingi wameshavuta hewa ile ile kabla hajajulikana. Na kwa baadhi ya wagonjwa hospitali haiongezi uhai, inaongeza siku za upweke.

Anza na suala la kuokoa. Silaha kuu ya hospitali ni oksijeni. Mgonjwa mzito wa UVIKO anaweza kuhitaji lita 15 kwa dakika. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 kwa kasi hiyo unaisha kwa takriban saa saba na nusu. Mashine ya nyumbani ya kuchuja oksijeni kutoka hewani kwa kawaida hutoa lita 5 hadi 10, na umeme ukikatika hutoa sifuri. Familia zimejifilisi kununua mitungi iliyomalizika kabla ya jogoo kuwika. Ikiwa lengo ni kumponya mtu mwenye hali hiyo, nyumbani hapafai, na ni vizuri lisemwe wazi.

Halafu kuna dawa, na thamani ya hospitali hubadilika mlipuko ukiendelea. Hadi Mei 2020 hapakuwa na dawa iliyothibitishwa kupunguza vifo vya UVIKO. Juni 2020 jaribio la Uingereza lilionyesha kwamba dexamethasone, dawa ya zamani na ya bei nafuu, inapunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa walio kwenye mashine ya kupumulia na kwa karibu moja ya tano kwa wanaopewa oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuleta faida. Uamuzi wa kumbakiza mgonjwa nyumbani uliokuwa na busara mwezi Aprili ulihitaji kufikiriwa upya mwezi Julai. Kila mlipuko unapoingia wimbi jipya, ulizeni tena kinachotibika.

Kwa hiyo aliyekuwa anajitegemea kabla ya kuugua, mwenye miaka 40 au hata 70 na nguvu zake, akishuka chini ya asilimia 90 kwenye kipima oksijeni cha kidoleni, aende hospitali hata kama wageni hawaruhusiwi. Shirika la Afya Duniani linahesabu kiwango hicho kuwa ugonjwa mkali. Wala msingoje abadilike rangi. Wagonjwa wa UVIKO wameonekana wakiongea na kutumia simu huku oksijeni yao imeporomoka.

Mzee aliyekuwa kitandani kabla ya mlipuko, mwenye moyo uliochoka, saratani iliyosambaa au usahaulifu uliomfikisha asiwatambue wanawe, ni habari nyingine. Mashine ya kupumulia humlazimu mtu alazwe usingizi wa dawa kwa siku nyingi, na misuli yake huyeyuka. Katika mawimbi ya mwanzo sehemu kubwa ya wazee waliowekwa kwenye mashine hawakutoka, na walioaga humo waliaga bila neno. Kwa mgonjwa wa namna hii ningeuliza daktari swali moja bila kuzunguka: mkimlaza, mtamfanyia nini ambacho hakiwezi kufanyika hapa? Jibu likiwa oksijeni kidogo na kumwangalia tu, nyumbani pana haki ya kuchaguliwa.

Ila nyumbani pasipo na dawa pana mateso. Kufa kwa kukosa pumzi bila msaada ni kugumu kwa anayekufa na kwa anayetazama, na picha hiyo haimtoki mtazamaji. Dozi ndogo za mofini, dawa kali ya maumivu, hupunguza ile hali ya kuhisi huna hewa. Wengi wanaiogopa wakidhani inaharakisha kifo. Ikitolewa kwa kipimo sahihi kazi yake ni kumtuliza. Midazolam, dawa ya kutuliza, husaidia hofu na kuhangaika. Mgonjwa akalishwe akiegemea mito, miguu imeshuka kidogo, apanguswe uso kwa kitambaa chenye maji baridi, dirisha lifunguliwe. Feni, ambayo kwa kawaida huwasaidia sana wenye kukosa pumzi, iepukwe kwenye ugonjwa unaoenea kwa hewa kwa sababu inavisambaza virusi chumbani. Dawa hizo lazima ziwe ndani ya nyumba kabla hali haijawa mbaya, pamoja na mtu aliyeelekezwa kuzitoa na namba ya simu inayopokewa saa nane za usiku. Kimoja kikikosekana, wodi inakuwa bora kuliko nyumbani, hata wodi iliyojaa.

Upande wa watu, hospitali nyingi mwaka 2020 zilizuia ndugu kabisa. Wauguzi walishika simu mbele ya uso wa mgonjwa ili watoto wake waage. Nawaheshimu mno wauguzi hao, na bado naamini lile katazo la jumla lilivuka mpaka. Mtu mmoja aliyevaa barakoa na vazi la kujikinga, akaelekezwa jinsi ya kulivua, anaweza kukaa na anayekufa. Hospitali nyingine ziliruhusu hivyo, angalau kwa saa za mwisho. Kwa hiyo kabla ya kumlaza mgonjwa msiulize tu saa za kutazama wagonjwa. Ulizeni nani ataruhusiwa kuingia hali ikifika mwisho, na nani atawapigia simu.

Wodi inaweza kuwa na utu hata katikati ya hofu. Mwaka 1983, UKIMWI ukiwa haujaeleweka na watu wakiogopa hata kushika mkono wa mgonjwa, hospitali kuu ya umma ya San Francisco ilifungua wodi 5B kwa ajili yao. Wauguzi wake walijitolea kufanya kazi pale, waliwagusa wagonjwa kwa mikono, na waliwaachia wagonjwa wenyewe waseme ni nani familia yao. Hawakuwa na dawa ya kuponya. Walikuwa na uamuzi kuhusu jinsi mtu anavyopaswa kuagwa.

Nyumbani nako kuna bei kwa watu. Anayemuuguza mgonjwa atatengwa pamoja naye, na pengine atakuwa karantini siku ya maziko. Mke wa miaka 78 asiachwe kuwa muuguzaji wa pekee wa mume wa miaka 80. Hapo familia inaweza kuzika wawili. Mpeni kazi hiyo kijana mwenye afya, aliyechanjwa kama chanjo ipo, na alale chumba kingine.

Makao ya wazee, na hospisi

Makao ya wazee yana ubaya wake katika mlipuko: watu dhaifu wengi chini ya paa moja, na wahudumu wanaozunguka kutoka makao mamoja hadi mengine. England iliwatoa wagonjwa hospitalini na kuwapeleka kwenye makao hayo Machi na Aprili 2020 bila kuwapima wote. Aprili 2022 Mahakama Kuu ilisema sera hiyo ilikuwa kinyume cha sheria kwa kutozingatia hatari ya maambukizi yasiyo na dalili. Ukitaka kumtoa mzazi, mtoe kabla ugonjwa haujaingia humo, na uwe na mtu wa kumnyanyua, kumwogesha na kukesha naye. Ukimwacha, ulizeni kama wahudumu wanafanya kazi makao mamoja tu, na kama usiku yupo mwenye ruhusa ya kutoa mofini.

Hospisi yenye vitanda ndiyo inayojua maumivu kuliko sehemu zote, lakini vitanda vyake ni vichache na mlipuko huvifunga. Naiamini zaidi hospisi inayomfuata mgonjwa. Hospice Africa Uganda, iliyoanza 1993 UKIMWI ukiwa umepamba moto, ilipeleka mofini ya maji majumbani, chupa ndogo ambayo ndugu anaweza kuipima mwenyewe. Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliofunzwa kuiandika, bila kumsubiri daktari. Palipo na huduma ya namna hiyo, nusu ya hoja zangu dhidi ya nyumbani zinaanguka.

Mgonjwa asiye na ugonjwa wa mlipuko

Huyu husahaulika, ingawa wagonjwa wa namna yake ndio waliojaa kwenye vifo vya majumbani vya England. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kwamba Guinea, Liberia na Sierra Leone huenda zilipata vifo vya ziada zaidi ya 10,000 vya malaria, VVU na kifua kikuu kwa sababu Ebola ilivuruga huduma. Idadi hiyo inakaribia waliouawa na Ebola yenyewe.

Tenganisheni mambo mawili. Maumivu ya kifua yaliyoanza ghafla, mdomo uliopinda upande mmoja, uchungu wa kujifungua uliokwama, mtoto mwenye homa na degedege: hayo yaende hospitali, mlipuko uwepo usiwepo. Hatari ya kuambukizwa huko ni ndogo kuliko hatari ya kubaki. Saratani iliyofika mwisho, figo ambazo mgonjwa mwenyewe ameamua kutoendelea kusafishiwa damu, moyo ambao madaktari wameshasema hauna tiba nyingine: hayo yanaweza kubaki nyumbani, na wakati wa mlipuko ningeyabakiza kwa nguvu zaidi, mradi dawa zije kwa mwezi mzima na si kwa wiki moja moja.

Njiani na getini

Hapa ni mahali ambapo hakuna anayepachagua, na milipuko hupajaza: kwenye gari linalotoka hospitali ya kwanza iliyokosa kitanda kwenda ya pili, kwenye foleni, kwenye benchi la mapokezi. Chanzo huwa kilekile, uamuzi uliobadilika kwa kuchelewa. Familia inaazimia nyumbani, dawa hazijaletwa, usiku pumzi inabana, watu wanashikwa na hofu, mgonjwa anapakiwa kwenye gari dakika 40 kabla ya kufa. Amekosa utulivu wa nyumbani na amekosa tiba ya hospitali.

Ndiyo sababu nawaambia watu wachore mstari mapema. "Oksijeni ikishuka chini ya 90 tunaondoka" ni mstari. "Hatumpeleki tena popote, tunampa dawa ya pumzi" nao ni mstari. Wote waliomo ndani ya nyumba waujue, kwa sababu mstari unaojulikana na mtu mmoja huvunjwa na shangazi aliyefika jioni akiwa na uchungu wa haki kabisa.

Mwili na karatasi

Mahali pa kifo huamua pia yanayofuata. Kwa UVIKO, Shirika la Afya Duniani lilisema tangu Machi 2020 kwamba hakukuwa na ushahidi wa watu kuambukizwa na miili ya waliokufa, na kwamba familia inaweza kumtazama marehemu bila kumgusa wala kumbusu. Hofu iliyofanya miili izikwe mbio bila ndugu haikuwa na ushahidi nyuma yake. Kwa Ebola hofu ina msingi, na bado njia ya kuzika ina uzito mkubwa. Monrovia ilipoamuru miili ichomwe Agosti 2014, watu walificha wagonjwa na maiti. Amri hiyo ilikoma Desemba, yalipopatikana makaburi ya Disco Hill. Novemba mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maziko salama na yenye heshima, ulioandaliwa pamoja na viongozi wa Kikristo na wa Kiislamu, ukiruhusu dua na ndugu kushuhudia kwa mbali. Ulizeni mapema ni utaratibu gani utatumika, kwa sababu jibu likiwa baya watu huanza kuficha.

Anayefia nyumbani bila kupimwa anaweza kukosa sababu ya kifo kwenye cheti, kama wale wa Lusaka. Likija suala la mirathi, bima au mafao, familia inahangaika. Kama ni nyumbani, ombeni kipimo kifanyike angali hai na mjue ni nani atakayethibitisha kifo.

Mimi ningechaguaje

Kipindupindu, kituoni, kila mtu, kila umri. Ebola na Marburg, kituoni, siku ya kwanza ya homa ikiwezekana, na kati ya vituo viwili ningekwenda kile ambacho ndugu wanaona ndani. Ugonjwa wa kupumua kwa mtu aliyekuwa na nguvu zake, hospitali. Ugonjwa wa kupumua kwa mzee aliyekuwa tayari anaelekea mwisho, nyumbani, kwa sharti kwamba mofini iko kabatini, yupo wa kuitoa, na anayemuuguza si dhaifu kama yeye. Sharti hilo lisipotimia, wodini, na nipiganie mtu mmoja aruhusiwe kuingia.

Kama mgonjwa bado anaweza kuongea, muulizeni leo anaogopa nini zaidi: kukosa pumzi, kuwa peke yake, au kuwaambukiza wengine. Kila jibu linaelekeza mahali tofauti, na mara nyingi silo ambalo watoto wake walikuwa wamedhani. Muulizeni pia ni nani aseme kwa niaba yake atakaposhindwa. Yaandikeni hayo kwenye karatasi moja, pamoja na mstari mliouchora na namba ya simu inayopokewa usiku, na kila anayelala ndani ya nyumba aijue ilipo.